Mbuzi wa Safari ya Kampala

Butembo hakuna mtu anayekwenda Kampala kutazama. Watu huenda kununua. Wanaondoka na mifuko mitupu, wanarudi na marobota ya vitenge, katoni za sabuni na vipuri vya pikipiki, na ukiwauliza mji ulikuwaje wanakutajia bei. Jirani yangu Yolande amekuwa akienda huko tangu kabla ya vita. Siku nilipomuuliza kama ni kweli kuna ziwa karibu na mji, alifikiri kidogo, kisha akasema: "Ziwa? Ya kweli sijuwe. Mi nalalaka palepale ku dépôt ya vitenge."

Kwa hiyo Jumamosi ile, tulipokutana nyumbani kwangu, mtaa wa Vulindi, kupanga likizo ya Pasaka, tulikuwa tunapanga jambo ambalo mtaa mzima ungeliita wazimu. Kwenda kutembea. Kuona mji mkubwa na kurudi mikono mitupu.

"Inua kidevu," nilimwambia Kalala.

Alikuwa amesimama katikati ya sebule, mikono imenyooka kama mwanafunzi aliyeitwa ubaoni, nami nikipitisha utepe wa kupimia shingoni mwake. Niliamua kumshonea shati la safari. Shati lake zuri lilikuwa na kola niliyokwisha kuigeuza mara mbili, na kola haina upande wa tatu.

"Siku ya kwanza, ziwa," alisema, kidevu juu. "Siku ya pili, banyama ya Entebbe. Siku ya tatu, kanisa kubwa ya Rubaga, na tunapanda ghorofa yenye ascenseur."

"Prof, ascenseur inapandaka mpaka wapi?" aliuliza Jemima, binti yangu mkubwa.

"Mpaka kwenye unabonyeza."

"Na ukibonyeza hapana?"

"Unabaki chini na bajinga bengine."

Jemima na mdogo wake Orpa wakaangua kicheko. Orpa hakutaka lifti. Alitaka simba. Kalala alimweleza kuwa simba wa Entebbe hulala mchana kutwa kama mkubwa wa ofisi, na kwamba akiamka hupiga miayo tu, kisha huuliza nani amemletea chakula. Nilicheka mpaka utepe ukaniponyoka. Tuliinama wote wawili kuuokota, na alipoinua macho uso wake ulikuwa karibu kiasi kwamba niliona kovu dogo juu ya mdomo wake, ambalo kwa miaka miwili nililiona kwa mbali tu.

Alinipa utepe. Nami nikarudi kupima. Ndivyo tulivyokuwa.

Kalala ni Mluba wa Kasaï. Serikali ilimtuma Beni kufundisha hesabu, kisha vita vikaikata nchi vipande, na yeye akabaki upande wetu bila mshahara, bila barua ya mama yake, akiishi kwa kile wazazi wa wanafunzi wanachochanga. Mimi, Godelive, ni mjane wa Salomon, mwalimu wa ushonaji katika lise, sekondari ya wasichana, nina diploma yangu na mashine yangu ya kushonea. Kila Jumamosi barabara ikiwa wazi, Kalala alipanda kutoka Beni, akanywa chai yangu, akamsaidia Jemima sehemu na desimali, akashuka kabla vizuizi havijafungwa. Miaka miwili. Watu walishachoka hata kutusengenya. Neno lenyewe, lile ambalo mwanamke hulisubiri, hakuwahi kulitamka, nami nina kiburi, sikuwa tayari kumsaidia kulitamka.

Lakini safari ilikuwa wazo lake. "Batoto bajuwe dunia haiko vita tu," alisema. Tulikubaliana vizuri: mimi na watoto tungelala kwa masista, yeye upande wa mapadri. Gari la kwenda mpakani Kasindi lilikuwa la Alhamisi baada ya Pasaka. Nilikuwa nimeanza kuota ziwa.

"Geuka nipime mabega," nilisema.

Ndipo mlango ukafunguliwa bila hodi.

Aliyeingia kwanza alikuwa mama mkwe wangu, Kahongya, na nyuma yake mwanawe Phinées, mdogo wa marehemu mume wangu, amevaa koti lake zito la baridi ya Lubero kwao, ambalo halivui hata jua likiwaka. Kahongya alinitazama, akatazama utepe mabegani mwa Kalala.

"Ah," alisema. "Tayari eko napimwa."

"Mama! Karibuni. Karibu, Phinées. Hamkutuma habari."

"Habari ilitangulia," alijibu Phinées, akakaa.

Sikuelewa, na sikujali. Nilifurahi kuwaona. Mama mkwe wangu ana ulimi wa wembe lakini hajawahi kunidhulumu. Alinipa furushi lililofungwa kwa majani ya ndizi, zito, na nilipolifungua niliona paja la mbuzi. Nyama kwangu huonekana Noeli na Pasaka.

"Wasingya, Mama! Asante kabisa. Kwenu kulikuwa fête, mulichinja?"

"Ilikuwa."

"Ya nani?"

"Ya mbuzi yako."

"Mbuzi yangu?" Nilicheka. "Mi sina mbuzi, Mama."

"Ulikuwa naye. Tulimukula."

Nilimpa Jemima nyama aende nayo jikoni. Nilidhani ni utani wa Kahongya, ambao mara nyingi huufahamu kesho yake. Lakini Phinées hakutabasamu. Na Kalala, niliona kwa pembe ya jicho, alikuwa ameshika kiti kana kwamba sakafu inasogea.

"Jemima," aliita Kahongya, "acha sufuria. Wende kufunga bintu byako na bya mudogo wako. Tunarudia Lubero leo pamoja, weye na Orpa."

"Kwa likizo, Koko?" Jemima alimuuliza bibi yake kutoka jikoni.

"Kwa kukaa."

Nakumbuka sauti ya mafuta yakichemka. Nakumbuka nilikuwa na pini tatu zimechomwa kwenye kola ya gauni langu. Nilizitoa moja moja, nikazichoma kwenye mkono wa kochi, kwa sababu mikono ilihitaji kazi.

"Mama," nilisema. "Rudia."

"Batoto ya Salomon banarudia kwabo. Weye umetoka. Hakuna mutu anakugombeza, unasikia? Umelia bwana yako muzuri, tuliona. Sasa umetoka."

"Nimetoka wapi? Mi niko hapa! Niko mu nyumba yangu, napima shati!"

"Muulize mwenye shati," alisema Phinées.

Nikamgeukia Kalala. Jasho lilikuwa limemtoka hadi kwenye ile kola mbovu.

"Prof," Phinées aliendelea, na sauti yake haikuwa ya ugomvi, ilikuwa ya mtu anayepima viazi, "nikuulize mbele yake. Siku ya tatu, Jumatano, ulikuya kwetu Lubero?"

"Nilikuya."

"Na nini mu mukono?"

"Na mbuzi."

"Bazee ya famille balikuwa pale?"

"Balikuwa."

"Ulisema nini?"

"Nilisema niko nakuya ju ya Godelive na batoto."

"Njo vile. Ulisema vile, na kamba ya mbuzi ukanipatia mu mukono. Tulichinja, bazee bakakula. Sasa, Mama Jemima, weye njo mwalimu. Tuelezee ile ni kitu gani."

Nilikaa.

Kwetu Wanande mahari ni mbuzi, na hilo hata askari aliyeletwa jana analijua. Lakini kuna mbuzi mwingine ambaye hatajwi mbele ya wageni. Mwanamke akifiwa hubaki wa ukoo wa mumewe. Mwanaume wa nje akimtaka, hupeleka mbuzi kwa ndugu za marehemu, si kwa baba wa mwanamke. Wakimkataa mbuzi, mambo yamelala. Wakimla, mwanamke ametoka. Hutoka na nguo zake na vyombo vyake. Watoto hawatoki. Watoto ni wa ukoo.

Nilikuwa nimetolewa. Jumatano, saa ambayo labda nilikuwa darasani nikifundisha wasichana kushona tundu la kifungo, mimi nilitolewa, nikachinjwa, nikaliwa na pilipili.

"Ekié!" Kalala alipata sauti. "Hapana! Hapana, Papa Phinées, sikiliza. Kwetu Kasaï mutu hawezi kuvusha mupaka muke ya marehemu na batoto yake bila kuaga kwabo. Ni matusi. Mi nilikuya kuaga! Nilisema nisiende mikono mitupu. Ile mbuzi ilikuwa ya heshima. Ya safari!"

"Mbuzi ya safari," Kahongya alirudia polepole. "Phinées, ulishasikia mbuzi anapelekwa kuambia batu bonjour?"

"Mi najuwa mbuzi ya hapa, Mama."

"Miaka sita unakaa kwetu, Prof," alisema Kahongya, "na unajuwa hesabu mpaka ile ya maherufi. Mbuzi moja inakushinda?"

"Nilijuwa ya mabinti," Kalala alijibu, sauti imeshuka. "Ya bajane sikujuwa."

Nilimwamini. Huo ndio ukweli, nilimwamini papo hapo, na pumzi ikaanza kunirudia. Kosa la mgeni. Kosa la mgeni hurekebishwa. Nilifungua mdomo kusema hivyo.

"Ngoja, shemeji," alisema Phinées. "Haijaisha. Nilimuuliza kitu ingine. Nilimuuliza: Prof, iyi mbuzi iko peke yake, ao ingine iko mu njia? Alijibu nini? Umuulize."

Sikumuuliza. Nilimtazama tu. Kalala alitazama viatu vyake, akatazama mashine, akatazama dirisha.

"Nilisema," alisema mwishowe, "ingine itakuya. Kama Mungu anapenda."

Wasichana walikuwa wamesimama mlangoni pa jikoni, wameshikana mikono.

"Ile nayo ilikuwa ya safari?" nilimuuliza.

"Hapana," alisema Kalala. "Ile haikuwa ya safari."

Basi ndivyo nilivyolipata neno langu. Nilikuwa nimelisubiri Jumamosi kwa Jumamosi, nikalivalia kitenge kizuri, nikalichemshia chai, na lilipokuja lilikuja kutoka Lubero limepitia kwa shemeji yangu. Moyo uliruka kwa furaha, siwezi kudanganya, na papo hapo hasira ikaukamata ukiwa hewani.

"Miaka mbili," nilisema. "Miaka mbili, Kalala! Unakaa pale ku kiti, na mi nakaa hapa ku machine, metre moja kati yetu. Metre moja! Unashindwa kuivuka, lakini unapanda camion mpaka Lubero kumuambia Phinées? Kuambia bazee? Mbuzi alijuwa mbele yangu?"

"Godé..."

"Mbuzi alijuwa unanipenda, mi hapana!"

"Niliogopa."

"Uliogopa nini? Mi nauma?"

"Kidogo," alisema Kahongya.

"Niliogopa utasema hapana," alisema Kalala, hata hakumsikia mama mkwe. "Ukisema hapana, Jumamosi mi nitaenda wapi?"

Laiti angelisema hilo nusu saa kabla, utepe ukiwa shingoni mwake. Lakini alilisema mbele ya Phinées aliyekwisha kusimama, akifunga vifungo vya koti.

"Shemeji," alisema Phinées, "mi siko mutu mubaya. Weye unajuwa. Ndugu yangu alifwa mu njia, pale Kabasha, ku muteremuko ya kwenda Beni, tukamuokota na mablanketi. Sasa unataka kupitisha damu yake mu njia ingine, mubaya kuliko ile, mpaka inchi ya benyewe, kwa kuangalia simba. Na bwana wa mbali. Vita ikiisha kesho atarudia kwabo, na batoto yetu batasema Tshiluba. Mi nitaambia nini Salomon?" Alimeza mate. "Lakini hatukulazimishe. Kama haumutaki uyu bwana, sema. Hapa, mbele yake. Tutamurudishia mbuzi kwa mbuzi, batoto babaki kwako, mambo inaisha. Kama unamutaka, ni vizuri pia. Jemima afunge bintu."

Orpa aliuliza kwa sauti ndogo: "Maman, mu Lubero kuko simba?"

Jemima akamvuta karibu.

Nimesikia wanawake wakisema kwamba katika saa kama ile moyo hugawanyika. Wangu haukugawanyika. Nilimtazama Kalala, mwanaume niliyemtaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka kwa ajili yangu mwenyewe, nikatazama mlango wa jikoni, na hesabu ilikuwa imekwisha kabla sijaianza. Jambo lililonishtua ni wepesi wake. Nilidhani ningelia.

"Nakataa," nilisema.

"Kataa na nguvu," alisema Phinées. "Mutu asikie."

"Nakataa ile mbuzi! Mbele ya Mungu na mbele yenu. Mbuzi arudishwe. Batoto yangu habatoke mu iyi nyumba!"

Kalala alishusha utepe uliokuwa bado umening'inia begani mwake, akaukunja vizuri, kiganja kwa kiganja, akauweka juu ya mashine.

"Sawa, Mwalimu," alisema.

Hakuwa ameniita Mwalimu tangu mwezi ule tuliojuana. Alimuaga Kahongya kwa heshima, akampa Phinées mkono, akawapungia wasichana, akatoka. Nilisikia pikipiki ikiitwa barabarani, nikasikia ikiteremka, na nilibaki pale pale, nikishangaa kwamba nilikuwa nimefanya hivyo kweli.

*

Phinées alikwenda kulala kwa binamu yake. Kahongya alibaki kwangu. Jioni alipakua nyama, akala sahani yake, akala na yangu.

"Unaweza kukula ile?" nilimuuliza.

"Nyama ilikosa nini?"

Niliosha vyombo kwa kelele. Nilimwambia kwamba ameshinda, watoto wamebaki, safari imekufa, na mimi nitazeeka nikipima mabega ya wanaume wa watu wengine. Aliniacha nimalize. Alikuwa akichokoa meno kwa kijiti.

"Safari nani aliua?" alisema.

"Mama, usinichezee."

"Mi nilikuya kutafuta batoto, sikukuya kutafuta roho yako. Nilisikiliza muzuri. Phinées alisema ukatae bwana. Weye ukasema nakataa mbuzi. Mbuzi uliikataa, tena kwa makelele. Mutu, sikusikia."

Nikageuka, sufuria mkononi.

"Mbuzi njo inatoaka muke mu famille," aliendelea. "Bila mbuzi hautoki. Hautoki, batoto habatoki. Sasa kama mwanaume anakuya kwako na valise yake ya nguo, analala kwako, anapanda mibilizi ya ua yako, weye umeenda wapi? Haukuenda fasi. Uko wetu. Ni yeye njo ametoka kwabo."

Kahongya mwenyewe, mlezi wa ukoo, alikuwa ananionyesha tundu kwenye ua alioujenga.

"Batamucheka," nilisema.

"Sana. Batamuita mwanaume wa kuolewa. Kule Kasugho balimuitaka mumoja vile mpaka akaihama milima yetu. Na uyu ni Muluba. Bale batu beko na kiburi kama bana ya mufalme. Hatakubali." Alitupa kijiti. "Lakini haujamuuliza. Weye na yeye, muko batu ya kuambia mbuzi."

*

Kesho yake, baada ya misa ya kwanza, nilipanda pikipiki kwenda Beni. Tuliteremka Kabasha, mahali ambapo kila mara mimi hufumba macho. Safari hii niliyaacha wazi. Nilimwambia Salomon ninakokwenda, kwa sauti, na dereva akadhani naongea naye, akapunguza mwendo.

Beni ni joto. Nilifika mtaa wa Mulekera kitambaa cha kichwa kimenilowa, nikamkuta Kalala nyuma ya nyumba yake ya kupanga, akipalilia maharagwe kwa suruali yake ya kanisani. Alikuwa akipalilia vibaya, akikata na maharagwe yenyewe. Aliponiona alinyooka, jembe mkononi.

"Mbuzi haijafika," alisema. "Kama ni ile umekuya kuuliza."

"Sikukuya ju ya mbuzi."

"Ulinikataa mbele ya batoto, Mwalimu."

"Uliniomba mbele ya bazee. Tuko sawa."

Alitaka kucheka, niliona, na akakataa kucheka. Nikaingia moja kwa moja kati ya mistari ya maharagwe. Sijui kuzunguka maneno na sikuwa na siku nzima.

"Nilikataa mbuzi," nilisema. "Weye sikukukataa. Unielewe muzuri, nitasema mara moja tu. Mbuzi yoyote ile inaninyang'anya batoto. Moja, kumi, ya kuaga, ya kuoa, yote. Basi sitaki mbuzi. Haitakuwa mahari. Haitakuwa sherehe. Sitatoka kwangu, maisha yote. Mwenye kunitaka atakuya kwangu na valise yake, atapita mbele ya batu, na batu batacheka. Batakuita muke yangu. Phinées atakucheka, na bale ba-prof bako batakucheka kuliko Phinées. Mama yako, siku njia itafunguka na atakuja kusikia, atalia. Mi siwezi kukupunguzia hata kimoja."

Alikuwa amelitupa jembe. Nilisikia likianguka.

"Ni Mama Kahongya njo alikuambia vile?"

"Njo yeye."

"Maweja!" alinong'ona, akimwita Mungu kwa lugha ya kwao. "Ule mama."

"Na Alhamisi tunaenda Kampala. Yeye pia anaenda."

"Kufanya nini?"

"Kuchunga batoto ya mwana yake. Anasema kitu ya kupandisha batu bila miguu ni uchawi, na kama kuko uchawi bajukuu bake baingie ndani pamoja na yeye. Phinées amekubali ju mama yake eko ndani. Masista bako na kitanda. Gari iko na nafasi." Nilirudisha kitambaa cha kichwa mahali pake. "Nafasi iko moja."

Kalala alitazama mikono yake yenye udongo. Kuku wa jirani walipita kati yetu. Nilijua anachokitazama: baba yake, kaka zake, sherehe ambayo angefanyiwa kwao Mbuji-Mayi, mbuzi na ng'ombe na vigelegele, yeye amesimama katikati kama mwanaume. Nilikuwa nimemwomba azike vyote hivyo ndani ya maharagwe yale. Nilianza kurudi nyuma polepole, nisimkanyagie mimea, nikitafuta sentensi ya kuagia.

"Godé," alisema.

Nikasimama.

"Nikuulize kitu moja."

"Uliza."

"Ile lise yenu ya Butembo," alisema, na macho yake hayakwenda kwenye viatu wala dirishani, yalikuja kwangu na yakabaki. "Iko na prof wa hesabu?"

Niliweka mkono kifuani, nikaweka na wa pili.

"Iko naye," nilisema. "Lakini hajuwe kitu."